Fundi Antena na Stesheni Isiyojitaja

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa kazini mliokuja na ovaroli zenu kwa sababu hamkupata muda wa kubadili: jina kamili la marehemu limeandikwa kwenye jalada la ratiba mliyo nayo mikononi. Tukilisoma hapa kwa sauti, nusu yenu mtadhani mmekosea msiba. Kwa hiyo tutamwita mlivyomwita siku zote, Fundi Antena, ingawa kazi yake ilikuwa lifti. Antena ilikuwa ugonjwa wake. Anayesoma wasifu huu ni dada yake mkubwa. Familia ilitaka asome mtu mwenye sauti nzuri, akakosekana, basi mtavumilia hii.

Fundi Antena alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu na wa mwisho wa fundi seremala na muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Dada yake alikuwa na miaka sita, na ndiye aliyekabidhiwa kumbeba mgongoni. Anashuhudia mbele yenu kwamba hajawahi kubeba mzigo uliojigeuza kama ule. Alitambaa mapema kuliko watoto wa majirani wote. Mama alipochoka kumkimbiza alimfunga kwa kitambaa kwenye mguu wa meza, akaenda zake kuteka maji. Aliporudi alikuta mtoto yuko mlangoni, na meza iko mlangoni pia.

Nyumbani kulikuwa na redio moja ya mbao, na mwenye redio alikuwa baba. Baba alikuwa mtu wa stesheni moja. Asubuhi taarifa ya habari, jioni taarifa ya habari, katikati redio inafunikwa kitambaa kama maiti, Mungu atusamehe kwa mfano huo siku ya leo. Lakini kila alipofunua alikuta mshale wa stesheni umehama. Siku moja alimkamata mkosaji mkono ukiwa bado kwenye kitufe.

"Redio inasikilizwa, haichokonolewi," baba alimwambia.

"Baba, huku pembeni kuna watu wanaongea."

"Waache waongee. Unawajua?"

"Siwajui. Ndiyo maana nataka kuwasikia."

Baba hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa misumari. Alichukua nyundo ndogo, akagongelea msumari kwenye ubao wa redio, pembeni kabisa mwa mshale, usiweze kwenda kokote. Wiki haikuisha, msumari ukapotea. Baba akagongelea mwingine, nao ukapotea. Mchezo huo uliendelea mpaka ule ubao ukawa kama chujio, na baba akasalimu amri kwa kutengeneza kiti kipya, akakiweka karibu na redio, akasema, "Basi angalau ukae." Hakukaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kuimaliza 1974, akipitia shule mbili. Ya kwanza haikumfukuza, ila ilifurahi alipoondoka. Kwenye ripoti moja, ambayo mama aliihifadhi mpaka anafariki, mwalimu wa darasa aliandika hivi: "Uwezo anao. Kiti ndicho hana." Baada ya sekondari aliingia chuo cha ufundi, mwaka 1979, akasomea umeme, na akahitimu 1981. Hapo chuoni ndipo alipokutana na FM. Kwa wale ambao hamkupata bahati ya kukwama naye kwenye foleni ya benki akawaeleza, jambo lenyewe liko hivi: stesheni za FM haziendi mbali. Zinafika macho yanapoishia, basi. Lakini siku za joto kali, hewa ikitulia bila upepo, hutokea mawimbi yakabebwa yakavuka mpaka wake wa kawaida, na mtu aliyekaa pahala pa juu mwenye antena nzuri akasikia mji ambao hajawahi kuuona. Hutokea kwa muda mfupi, halafu mlango unafungwa. Mtu mwingine angesikia hivyo akasema makubwa, akaendelea na maisha. Huyu wetu tangu siku hiyo alitembea akiangalia juu ya mapaa.

Mwaka 1982 aliajiriwa na kampuni ya kufunga na kutengeneza lifti, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2021. Watu walishangaa mtu asiyetulia alivyodumu kwenye kazi moja miaka yote hiyo. Sisi hatukushangaa. Chumba cha mashine ya lifti kiko juu kabisa ya jengo, karibu na paa, na yeye ndiye aliyekuwa na funguo. Hakuna paa refu katika mji huu ambalo halijapata kuona kile kiredio chake cha betri kikiwa kimefungwa waya wa shaba. Alizijua stesheni zetu za hapa moja moja, kama mnavyojua watoto wa mtaa. Alijua ipi mtangazaji wake ana mafua leo, ipi fundi mitambo wake ni mvivu. Aliwahi kuipigia simu stesheni ile ya nyuma ya stendi kuwaambia sauti yao inakwaruza, wakamuuliza yeye ni nani, akasema, "Mimi ni wa lifti." Wakamkatia.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Fimbo za mapazia zilikuwa zinaondoka dirishani zinaenda kuwa antena. Alikuwa akialikwa harusini, maharusi hawajakata keki, yeye yuko nje kwenye ngazi. Mkimwona kimya mezani mkasema leo ametulia, mchunguze vizuri, ana waya sikioni. Alisafiri likizo na mfuko mmoja wa nguo na mifuko miwili ya waya, na akifika kwa watu, kabla ya salamu za pili, anauliza njia ya kupandia juu. Alichosha watu. Na tuseme ukweli maana tuko mbele yake: alitutia hamu. Ukikaa naye nusu saa ulianza na wewe kuona hapo ulipo ni padogo.

Watu wa mchezo huo wa kuwinda stesheni za mbali wana sheria moja, na yeye aliishika kuliko sheria za barabarani. Stesheni haihesabiwi mpaka ijitaje yenyewe. Huwezi kusema nimesikia mji fulani kwa kukisia lafudhi au wimbo au tangazo la sabuni. Unasubiri mtangazaji ataje jina la stesheni kwa kinywa chake, na wewe usikie kwa sikio lako. Ikipotea kabla ya hapo, hukusikia kitu. Sheria hiyo ndiyo iliyoharibu raha yake yote, na ndiyo iliyompa mke.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Oktoba 1996, asubuhi ya joto, katika jengo la ofisi lile la rangi ya maziwa lililopo mbele ya posta. Alikuwa juu anapaka mafuta mashine. Redio ameiweka nje kwenye ukingo wa paa. Umeme ukakatika mji mzima. Wengine wote umeme ukikatika tunanuna, yeye alikuwa anasikia harufu ya sikukuu, kwa sababu umeme ukikatika minara ya hapa inanyamaza mpaka jenereta ziwake, na katika ule upenyo wa kungojea jenereta, za mbali huingia. Alitoka mbio kwenye redio. Kwenye tisini na saba nukta tatu, pahala ambapo siku zote huketi stesheni yetu moja ya hapa mjini, kulikuwa na sauti asiyoijua. Mtangazaji mwanaume, kijana kwa sauti, anasoma salamu za wasikilizaji, fulani anamsalimu fulani na fulani. Katikati ya salamu moja akashikwa na kicheko. Si kicheko cha kazini. Kicheko cha mtu anayejaribu kujizuia na hawezi, kinachopanda kwa vishindo, kinashuka, kinapumua, kinaanza upya. Fundi Antena akaanza kucheka na yeye huko juu peke yake, bila kujua kinachochekwa.

Chini, lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na ndani yake kulikuwa na mpiga chapa wa ofisi ya ghorofa ya sita. Alikuwa anagonga mlango kwa kisigino cha kiatu. Fundi alikwenda kwenye shimo la lifti akaita, "Nani humo?"

"Mtu," sauti ikajibu. "Sasa unataka jina au unataka kunitoa?"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Huo ndio wakati ambao marehemu aliurudia maisha yake yote. Mtangazaji alikuwa ameanza kupata pumzi. Kila mtu anajua mtangazaji akitoka kwenye vurugu kama ile anachosema ni nini: anaomba radhi, halafu anakumbusha unasikiliza stesheni gani. Ilibaki sentensi moja. Na kule chini kisigino kinagonga, na mgongaji ameanza kusema hewa inamwishia. Fundi Antena aliiangalia redio, akaangalia shimo, akaiacha redio. Aliingia chumba cha mashine, akaachia breki kwa mkono, akazungusha lile gurudumu zito taratibu mpaka kisanduku kikasimama sawa na sakafu, akashuka ngazi na ufunguo wake, akafungua.

Mpiga chapa alitoka na kiatu kimoja mkononi. Hakusema asante. Alisema, "Ulikuwa unacheka nini huko juu na mimi nakufa humu?"

Akamweleza. Akamuigizia mpaka kile kicheko, pale pale kwenye korido, na vishindo vyake vyote. Mpiga chapa hakucheka. Alivaa kiatu chake akapanda kwa ngazi. Fundi akarudi juu kwenye redio. Jenereta la stesheni ya mjini lilikuwa limeshawaka, na pale pale kwenye tisini na saba nukta tatu kulikuwa na tangazo la magodoro.

Tangu siku hiyo lifti ya jengo lile ilihudumiwa kuliko lifti yoyote mjini. Msimamizi wake aliuliza mashine ile ina nini. Marehemu akajibu kwamba ina kelele ambayo bado hajaielewa. Hao ndio waliooana, fundi na mpiga chapa, tarehe 7 Juni 1997, bwana harusi akiwa na umri ambao mama yetu alishaacha hata kuuliza. Katika sherehe yao bwana harusi alikaa kwenye kiti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Dada yake aliinua shuka la meza kuangalia kama amefungwa.

Ndoa yao ilikuwa na utani mmoja, na utani huo ulikuwa na mfupa ndani yake. Fundi akikasirishwa alisema, "Wewe ndiye uliyeninyima jina." Na wifi yetu alimjibu, "Ungeniacha humo." Wakacheka, yakaisha. Lakini wifi hakulisahau. Aliwahi kumwambia dada mtu, wanakunja nguo, kwamba wanawake wengine wanaogopa mume ana mtu nje, yeye anajua kabisa alicho nacho mumewe nje: kuna mwanaume mmoja anacheka, mji usiojulikana, na yeye ndiye aliyekaa katikati yao. Alisema, "Siku moja nitampatia hilo jina, nipumzike." Kile kicheko kiliigizwa nyumbani hivyo miaka nenda rudi, watoto wakikidai kabla ya kulala, mpaka nyumba nzima ilikijua kwa moyo.

Kijana wao wa kiume, ambaye ni dereva, alimwambia baba yake siku hizi kuna simu, kila kitu kinatafutwa, tuingie mtandaoni tuijue. Akamuuliza, "Utaandika nini? Kicheko?" Halafu akasema kama angetaka kusoma majina ya stesheni angesoma ukutani, yeye anataka ije yenyewe.

Mnaweza kuuliza kwa nini haikuja tena. Ni kwa sababu ya kazi. Umeme ukikatika, upenyo unafunguka, na umeme huohuo ukikatika, watu wananasa kwenye lifti. Baada ya siku ile ya kisigino alijiwekea utaratibu wake, na hakuuvunja: watu kwanza. Umeme ukikatika alitazama juu, akatukana kidogo, akashuka. Alimtoa bibi mwenye mayai, akamtoa hakimu aliyekuwa analia, akawatoa maharusi. Akimaliza kumtoa wa mwisho anapanda ngazi mbilimbili mpaka kwenye paa, moyo unamwenda mbio, anawasha redio, anakuta magodoro. Waliokuwa kazini naye mpo hapa. Mlimwona anavyopanda zile ngazi.

Mara moja tu, mwaka 2009, hakukuwa na aliyenasa. Aliisikia tena ile sauti, imezeeka kidogo, inasoma hali ya hewa ya miji asiyoijua. Akangoja ijitaje. Jenereta likawaka. Alirudi nyumbani akazunguka meza mpaka chakula kikapoa, na wifi akaacha kumbembeleza akae, akasimama na yeye, wakala wamesimama.

Alipostaafu mwaka 2021 tulidhani sasa atapata raha yake. Hana lifti, hana msimamizi, na wanakaa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ambayo, kwa kuwa maisha yana utani wake, haina lifti. Mlango wa paa uko hatua chache kutoka mlango wao. Kumbe mashine zile zilikuwa zimelila sikio lake la kushoto siku nyingi na alikuwa anatuficha. Tulipodhani anatupuuza, hakuwa anatusikia. Mwaka uliofuata, 2022, moyo nao ukaanza kuvimba. Daktari alimkalisha akamweleza kwa upole mrefu. Marehemu akasikiliza kwa sikio la kulia, akasema, "Daktari, umeongea sana, lakini huo ugonjwa haujajitaja." Daktari akautaja. Marehemu akasema, "Haya, sasa nimesikia." Akakatazwa ngazi. Yeye, ngazi.

Hapo ndipo wifi alipopanda. Mwanamke aliyekuwa anafunga mlango wa paa kwa kufuli ili mumewe ale chakula, alichukua redio na ule waya wa shaba akapanda mwenyewe, asubuhi za joto, na kila umeme ulipokatika. Mumewe alilala chini ya dirisha akiwa na maelekezo yasiyokwisha. Elekeza antena kule kwenye tangi la maji. Hapana, zungusha. Usiguse chuma. Mara ya kwanza alishuka anahema kwa furaha.

"Nimeipata. Imejitaja."

"Imesemaje?"

Akataja jina.

"Hiyo iko nyuma ya stendi," marehemu akasema. "Ukichungulia dirishani utaona mlingoti wake." Akacheka mpaka akakohoa, na wifi akakasirika, akampiga na mto, halafu akapanda tena. Alijifunza. Alizisikia za mbali nyingine, zikajitaja, akamletea majina yake moja moja, na kila jina mgonjwa alilipokea akifumba macho. Ile yenyewe haikuwahi kuja. Mara mbili alisikia sauti ya mwanaume kwenye tisini na saba nukta tatu ikapotea kabla ya kujitaja, na mara zote mbili alishuka akasema ukweli, "Haikujitaja." Naye akasema, "Basi hukusikia kitu. Tutasubiri."

Januari ya mwaka huu alizidiwa, akalazwa. Hakuweza kulala chali wala kukaa. Aligeuka, akaomba ageuzwe tena, akataka kitanda kisogezwe dirishani, kikasogezwa, akataka kirudishwe. Kijana wake hakuweza kuvumilia kumwona hivyo. Alimvuta mama yake kwenye korido akamwambia, "Mama, mwambie tu umeipata. Taja jina lolote, atulie. Atajuaje?"

Wifi alimjibu, "Mimi nilikuwa ndani ya lifti, yeye ana redio yake nje. Angeweza kujifanya hasikii mtu anagonga. Sasa mimi nimdanganye?" Wifi alirudi ndani akamfuta mumewe uso.

Jumapili jioni tulikuwa wote pale. Aliuliza, "Umeme upo?" Wifi akainama kwenye sikio la kulia akamwambia upo. Akasikitika waziwazi. Halafu akasema, taratibu, kama anavyomwelekeza mwanafunzi wa ufundi, "Ukikatika, wewe nenda juu moja kwa moja. Usingoje. Hakuna mtu kwenye lifti." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kona ya shuka ukiizungusha, inavyozungushwa kitufe.

Ratiba zenu zinaishia hapo, kwa sababu zilichapwa Jumatano. Kinachofuata ni cha jana, na dada yake anakisoma kwenye karatasi ya pembeni.

Jana Alhamisi asubuhi nyumbani kulijaa. Joto lilikuwa mnalijua. Spika ya msiba ilikuwa inaimba, watu wanatafuta viti, wanaume wanabishana kuhusu gari la kubeba maturubai. Umeme ukakatika. Spika ikazima, feni zikasimama, watu wote wakaguna. Wifi alikuwa amekaa kwenye godoro katikati ya wanawake, siku tatu hajala cha maana. Akasimama. Mmoja akamuuliza unakwenda wapi, kaa mama, utaletewa. Akasema, "Hakuna mtu kwenye lifti." Akachukua redio kabatini akatoka.

Wale wanawake wakatazamana. Mtu akisema neno kama hilo katika msiba wa mumewe, mnajua watu wanafikiria nini, na anaelekea juu ya paa. Dada mtu aliinuka kumfuata na haya magoti. Alikuwa katikati ya zile ngazi aliposikia kicheko.

Wote mliokuwa uani mlikisikia, kwa hiyo hakuna haja ya kuficha. Mjane alikuwa anacheka juu ya paa. Kilipanda kwa vishindo, kikashuka, kikapumua, kikaanza upya. Chini mzee mmoja akasema mwendeeni, amechanganyikiwa. Mwanawe alipanda ngazi akampita shangazi yake bila hata kumwomba njia. Tulipofika tulimkuta amekaa kwenye saruji, redio mapajani, machozi yanamshuka na bado anacheka, na redio wakati huo ilikuwa inakwaruza tu, haina kitu.

Alipopata pumzi alituambia. Jenereta la hapa mjini, iwe lilikataa au dizeli iliisha, halikuwaka upesi. Sauti ilikuwepo, ya mtu mzima sasa, inasoma salamu. Fulani anamsalimu fulani. Akafika kwenye jina moja lenye mkia mrefu, akasita, na wifi akasema alijua kabla kicheko hakijatoka, akashika ukingo wa paa. Akacheka yule bwana. Kile kile, miaka yote hii, kama kilivyoigizwa mezani kwake. Akajaribu kujizuia akashindwa. Na wifi akabaki na redio kwenye kifua anamwambia, taja, baba, taja, hakuna anayegonga leo. Yule bwana akapumua, akaomba radhi, akataja.

"Ni ipi?" kijana wake akauliza.

Wifi akafuta macho. "Siwezi kukuambia wewe kabla yake."

Fundi Antena ameacha mjane, mpiga chapa mstaafu. Ameacha binti mmoja muuguzi, kijana mmoja dereva, wajukuu watatu, na wa mwisho kati yao jana alifungwa kwenye mguu wa meza akaondoka nayo. Ameacha dada wawili, mmoja wao ndiye huyu anayesoma. Ameacha redio saba, mbili zinafanya kazi, na madirisha manne yasiyo na fimbo za pazia.

Sasa tunaomba kila mwenye simu aizime, na watoto wa mbele wanyamaze. Jeneza limefunguliwa upande wa kichwani. Wabebaji, msishike vipini kwanza. Wifi, njoo. Inama upande wa kulia, sikio la kushoto usihangaike nalo. Sisi jina hilo hatutalisikia, na hatulihitaji. Mwambie yeye.

Akishakuwa nalo, apumzike kwa amani. Na kama bado hatatulia, wenyeji wake huko wamwonyeshe njia ya kupandia juu.